Kibonge Anautafuta Uso wa Mama

Jumatatu Mama Kibonge alikuwa na nywele fupi nyeusi. Jumanne zilikuwa zimemfika kiunoni. Jumatano zilikuwa nyekundu kama nyanya, tena za mawimbi. Usidhani zilikuwa zinaota usiku. Zilikuwa wigi.

Mama Kibonge alikuwa msusi. Saluni yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao. Ndani mlikuwa na kioo kirefu, viti vitatu, mashine ya kukaushia nywele, na rafu iliyojaa mafuta, nyuzi na vitana. Nje hakukuwa na bango. Bango la nini, na kichwa anacho?

"Kichwa changu ndicho tangazo langu," alisema. "Mteja akiona kwangu, anataka na kwake."

Na kweli, biashara matangazo. Akivaa wigi mpya asubuhi, kabla ya mchana watu wawili wameshaiulizia.

Alikuwa fundi hasa. Vidole vyake vilikwenda mbio. Na alikuwa na tabia moja waliyo nayo wasusi wengi: akisuka, alibana kitana cha mkia kwa meno. Kwa hiyo kazini hakusema sana. Aliitikia "mm" na "mm-mm", na wateja walimwelewa vizuri tu.

Mwanawe alikuwa hajatimiza miezi miwili. Alizaliwa mnene, mashavu yamejaa, shingo haionekani. Ndiyo maana kila mtu alimwita Kibonge. Jina lake halisi lilikuwepo, lakini lilitumika kliniki tu.

Mama mkwe alikuwa amekuja kusaidia kulea. Nyumba nzima ilimwita Bibi. Bibi alikaa na mtoto chumba cha nyuma. Mtoto akilia njaa, alimleta saluni. Mama Kibonge aliketi, akampakata na kumnyonyesha, huku jicho lake liko kwenye kioo, linamlinda mteja asiguse nywele zenye dawa. Mtoto akishiba, anarudi kwa Bibi, na mama anarudi kwenye kichwa cha mtu. Maisha yalikwenda hivyo, na hakuna aliyeona kasoro.

Haya. Siku ya wigi nyekundu ndiyo siku mambo yalipoharibika.

Bibi aliingia saluni anakaribia kukimbia. "Njooni muone! Kibonge amecheka! Siyo kile kicheko cha usingizini. Amenitazama machoni, akacheka!"

Wateja wakageuka. Bibi akamshika mtoto mbele yake, akamsogezea uso karibu kabisa. "Nani huyu? Eeh? Nani huyu, mzee wangu?"

Kibonge alimkodolea macho. Midomo ikacheza. Kisha akacheka, kinywa wazi, ufizi wote nje.

Saluni nzima ikapiga vigelegele. Mama Kibonge akatoa kitana mdomoni, akanyoosha mikono. "Lete, lete! Na mimi nichekewe!"

Alimchukua, akamwinua juu. Mtoto alizitazama zile nywele nyekundu, pembeni hapa, pembeni pale. Akakunja uso. Kisha akageuza kichwa, akatazama dirisha.

"Kibonge! Ni mimi. Nichekee basi."

Wapi! Mtoto alitazama dirisha kama mtu mwenye miadi huko nje.

"Hakujui huyo!" mteja mmoja akatania. "Anajiuliza, huyu dada mwekundu katoka wapi?"

Mwingine akadakia. "Mwacheni. Anamtafuta mama yake."

Watu wakaangua kicheko. Mama Kibonge naye akacheka. Mbele ya wateja utafanyaje? Lakini maneno yale yalimchoma. Yalimchoma moyoni kabisa.

Tangu hapo akaanza kumchunguza mwanawe kama mpelelezi. Mtoto alimtazama Bibi. Alimtazama baba yake pia. Baba Kibonge alikuwa fundi wa friji, na alikuwa na kofia yake moja nyeusi yenye ukingo mweupe. Aliivaa kazini, aliivaa nyumbani, aliivaa hata mezani. Akiinama tu juu ya kitanda, Kibonge anaikodolea ile kofia, miguu inapiga mateke ya furaha.

Lakini mama akija, mtoto anatazama huku na huku, kisha anatazama ukuta.

"Hata kofia inapendwa kuliko mimi," Mama Kibonge alijisemea.

Kesho yake jioni, walipokuwa wanakula, Bibi alisafisha koo.

"Mwanangu," alimwambia mkwewe, "usinielewe vibaya. Mimi Jumapili narudi kwangu. Wewe kazi zimekuzidi. Mtoto ameshanizoea. Nipe niende naye. Maziwa ya kopo yapo. Akianza kutembea nitamrudisha."

Baba Kibonge akashusha kijiko. "Mama, ni mdogo mno."

"Wewe je? Si ulilelewa na bibi yako? Ulikufa?"

Baba Kibonge akajikuna chini ya kofia. Akamgeukia mkewe. "Wewe unasemaje?"

Mama Kibonge alitaka kusema hapana. Neno lilikuwa hapo kwenye ulimi. Lakini kilichotoka kilikuwa kingine. "Labda ni sawa. Kama mimi hanitaki, akae na anayemtaka."

Bibi aliacha kutafuna. "Nani kasema hakutaki?"

"Mama, si umeona mwenyewe? Nimembeba tumboni miezi tisa. Ananyonya kwangu. Halafu ananitazama kama mgeni, anachekea kofia!"

Akakusanya sahani, hata zile ambazo bado zilikuwa na chakula, akaenda jikoni.

Mumewe alimfuata. Alimkuta anasugua sufuria iliyokwisha kuwa safi.

"Mama Kibonge," alisema polepole, "kabla hatujaamua lolote, mpeleke kliniki. Labda haoni vizuri. Labda ni kitu kidogo tu. Kuuliza si ujinga."

Hilo la kutoona hakuwa amelifikiria. Sasa likamwingia, na likawa baya kuliko la kwanza.

Asubuhi alivaa wigi ya kahawia iliyokatwa usawa wa mabega, akambeba Kibonge, akatoka. Bibi naye akajifunga kitambaa chake cha kichwani, kile cha mistari mipana myeusi na myeupe, akamfuata. Alitaka kuyasikia mambo kwa masikio yake.

Kliniki haikuwa na watu wengi. Nesi alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye viatu vya raba na sauti ya upole. Aliwatazama, akatabasamu.

"Karibuni sana. Ndiyo mara yenu ya kwanza hapa?"

Mama Kibonge alibaki mdomo wazi. "Nesi! Juzijuzi tu umemchoma mtoto huyu sindano ya chanjo. Hapahapa! Ulisema ni mzito kama gunia la viazi!"

Nesi aliinamisha kichwa, akasikiliza. "Aa! Sauti hii naijua. Mama Kibonge! Nisamehe sana, dada. Nina sababu yangu, nitawaeleza. Kaeni."

Mama Kibonge akakaa. Sijui nina uso gani mimi, aliwaza. Mwanangu hanijui, na nesi naye hanijui!

Alieleza shida yake yote. Alieleza kicheko, dirisha na kofia. Kisha Nesi alichukua tochi ndogo, akaangalia macho ya Kibonge, moja baada ya jingine. Halafu akamlaza mtoto kwenye mapaja yake, akainama karibu naye, akasogeza uso wake polepole kulia, kisha polepole kushoto. Macho ya Kibonge yalimfuata. Kwa uvivu kidogo, lakini yalimfuata.

"Macho ni mazima," Nesi alisema. "Mboni ni nyeusi, haina kitu cheupe ndani. Na anafuata. Ondoa hofu."

Mama Kibonge alishusha pumzi. Lakini mara akanuna. "Basi mbovu ni mimi."

"Hapana. Ngoja kwanza tupeleleze. Mtoto ukimchukua, unamshikaje?"

Mama Kibonge akamwinua Kibonge juu, mikono imenyooka, kama alivyofanya siku ile.

"Hapo wewe unamwona yeye," Nesi alisema. "Yeye hakuoni vizuri. Mtoto mchanga huona vizuri kitu kilicho karibu, kama shibiri moja au moja na kidogo. Kikiwa mbali zaidi, kinakuwa ukungu. Hebu pima kutoka kwenye titi lako hadi kwenye uso wako."

Mama Kibonge akatanua vidole, akapima. Shibiri moja na kidogo.

"He!" alisema. "Imekuwa kama imepangwa."

"Ndiyo hivyo. Anaponyonya, uso wako uko mahali pazuri kabisa pa kuutazama. Sasa niambie, akinyonya wewe unatazama wapi?"

Mama Kibonge akasita. "Kwenye kioo. Namwangalia mteja."

"Na unaongea naye?"

"Ninakuwa na kitana mdomoni."

Bibi akaguna. Nesi akaendelea, sauti ileile ya upole.

"Mtoto huanza kuisikia sauti ya mama yake akiwa bado tumboni. Akizaliwa, anaijua. Ile sauti inamsaidia kuujifunza uso. Ni kama inamwambia: yule uliyemsikia siku zote, sura yake ndiyo hii. Sasa swali langu la mwisho. Siku ile ya sindano ulikuwa na nywele hizi?"

"Hapana. Nilikuwa na rasta ndefu."

"Jumatatu wiki hii?"

"Fupi nyeusi."

"Jumanne?"

"Za kiunoni."

"Jumatano?"

"Nyekundu," Bibi akajibu badala yake. Alimgeukia mkwewe, macho yamemtoka. "Mwanangu! Huyu mtoto ana mama wangapi?"

Mama Kibonge alijishika wigi kwa mikono miwili, kana kwamba itaruka. "Kwani nywele zina nini? Uso si uleule?"

"Kwako na kwangu ni uleule," Nesi alisema. "Mtu mzima akitazama uso, anatazama zaidi macho, pua na mdomo, vyote kwa pamoja. Mtoto mchanga hupenda nyuso tangu siku ya kwanza. Lakini macho yake bado hayaoni vitu vidogo vidogo. Yanavutwa na ukingo, pale rangi moja inapokutana na nyingine. Na ukingo mkubwa wa kichwa cha mtu uko wapi? Pale nywele zinapokutana na paji la uso."

"Kweli?" Mama Kibonge alisogeza kiti mbele.

"Watafiti walijaribu. Watoto wa siku chache walipenda kuwatazama mama zao kuliko wanawake wengine. Halafu wanawake wote wakafunikwa nywele kwa kitambaa. Basi! Watoto hawakuonyesha tena kwamba wanajua nani ni nani."

Mama Kibonge alifikiria ile kofia nyeusi yenye ukingo mweupe, isiyovuliwa hata mezani. Alifikiria kitambaa cha mistari cha Bibi. Kofia ileile kila siku. Kitambaa kilekile kila siku. Na yeye je?

"Kwa hiyo hanijui," alisema kwa sauti ndogo.

"Anakujua!" Nesi alisema. "Akilia, ukimbeba kifuani, anatulia?"

"Anatulia."

"Basi. Anaijua harufu yako, anaijua sauti yako. Kinachomchanganya ni sura. Kila akianza kuishika, wewe unaibadilisha. Hukufanya makusudi, na yeye hakukukataa. Umri huu ndio anaanza kutazama macho ya watu na kuwachekea. Msaidie tu."

Bibi akajikohoza. "Mbona mimi amenijua?"

"Nionyeshe unavyomshika, mama."

Bibi hakungoja kuambiwa mara mbili. Akampakata Kibonge, akamsogezea uso, shibiri moja hivi. "Nani huyu? Eeh?" Kisha akanyamaza, akangoja. Mtoto akamtazama. Akangoja tena. Mtoto akaguguma, "Ghuu."

"Somo lote ndilo hilo," Nesi alisema. "Anakuwa karibu, anaongea, na anangoja. Watu wengi hawangoji. Mtoto anahitaji muda wa kutazama kabla ya kujibu. Mimi sina la kuongeza."

Bibi alivimba kwa fahari, karibu kitambaa kimfunguke.

Sasa Mama Kibonge alikuwa amesahau kununa. Alitaka kujua zaidi. "Na sisi wakubwa je? Mimi wateja wangu wengine nawajua kwa visogo. Nikikutana na mtu barabarani, mpaka ageuke nyuma ndiyo namkumbuka!"

Nesi alicheka sana. "Nipe simu yako." Akamwomba Mama Kibonge amchagulie picha ya mtu wa nyumbani, akaigeuza simu kichwa chini, miguu juu, akamwonyesha Bibi. "Mama, huyu ni nani? Usigeuze kichwa!"

Bibi alikaza macho. "Mmh. Simjui. Ana sura ya mtu mkopaji."

Nesi akaigeuza simu ikakaa sawa.

"Yarabi!" Bibi aliruka. "Mwanangu wa kumzaa mwenyewe!" Alikuwa Baba Kibonge, siku moja adimu akiwa hana kofia.

Mama Kibonge alicheka mpaka machozi yakamtoka. Hakuwa amecheka hivyo tangu Jumatano.

"Mmeona?" Nesi alisema. "Tumejifunza kusoma uso ukiwa umesimama sawa, kama kitu kimoja. Ukipinduliwa, tunaona pua peke yake, mdomo peke yake, na mtu tunampoteza. Kwa hiyo hata sisi hatukuzaliwa mabingwa. Tumejifunza. Na kuna jambo la ajabu zaidi. Mtoto wa miezi sita anaweza kutofautisha nyani mmoja na mwingine kwa sura zao. Sisi tunaona nyani wote sawa."

"Nyani!" Bibi akashangaa.

"Ndiyo. Lakini akifika kama miezi tisa, uwezo huo unapungua. Akili yake imeshachagua. Inashika zaidi nyuso za aina anayoiona kila siku."

"Basi tusimpeleke kwa nyani," Bibi alisema, na akampangusa mtoto mate.

Kisha Nesi akawageukia wote wawili. "Na mimi niliwaahidi sababu. Wapo watu wachache ambao nyuso haziwakai kichwani. Wanaona vizuri, akili ni nzima, lakini sura zinawapotea. Mimi ni mmoja wao tangu utotoni. Nimewahi kumpita dada yangu sokoni, akaninunia mwezi mzima. Watu wanasema naringa. Siringi! Nawajua watu kwa sauti, kwa mwendo, na kwa nywele. Kwa hiyo Mama Kibonge, leo umetutesa wawili, mimi na mwanao."

"Kumbe wewe na mjukuu wangu ni ukoo mmoja!" Bibi alisema.

Mama Kibonge alimshika Nesi mkono. Alisikia aibu kwa jinsi alivyomkasirikia pale walipofika. "Pole, dada. Nami nilidhani nimedharauliwa."

Walipokuwa wanasimama, akauliza lile lililomkaa rohoni. "Jumapili Bibi anaondoka. Tulitaka aende naye. Unaonaje?"

Nesi alifikiri kidogo. "Uamuzi ni wenu. Mimi nawaambia ninachojua. Miezi sita ya kwanza, maziwa ya mama yanamtosha, hahitaji kingine. Na uso anaujifunza kwa kuuona kila siku, siyo kwa kusimuliwa. Na kama akifika miezi mitatu hafuati kitu kwa macho, au mkiona kitu cheupe ndani ya mboni, mrudisheni haraka. Msingoje."

Walipofika mlangoni kwao, Bibi alilirudia jambo hilo. "Begi langu nimeshalifunga. La mtoto sijalifunga. Tutaona."

Mchana ule Mama Kibonge aliingia chumba cha nyuma, akavua wigi. Chini yake kulikuwa na nywele zake mwenyewe, zimesukwa mistari minne ya kawaida. Alijitazama. Msusi bila nywele za kutangaza! Wateja watasema nini? Alikaa pale akipima mambo. Halafu akaichukua ile wigi, akaenda saluni, akaivika kichwa cha plastiki kilichokuwa kinakusanya vumbi juu ya rafu. Akakiweka dirishani, kitazame barabarani.

"Wewe ndiye bango sasa," alikiambia. "Kaza shingo."

Mteja wa kwanza alimshangaa. "Fundi, leo umekuja na kichwa chako?"

"Nimekuja nacho," Mama Kibonge alisema. "Kuna mtu anakisoma."

Mtoto alipoletwa kunyonya, hakukaa mbele ya kioo. Alimwomba mteja amvumilie, akaingia chumba cha nyuma. Kitana alikiacha mezani. "Kibonge," alisema kwanza, kabla ya kumgusa. Kisha akampakata, akainamisha uso. "Nani huyu?" Akangoja.

Kibonge akapiga mwayo mkubwa.

Jioni alijaribu tena. Mtoto alitazama masikio yake. Jumamosi asubuhi alitazama paji la uso kwa muda mrefu, mama akashika pumzi, halafu mtoto akasinzia. Mama Kibonge alitaka kulia. Kitu gani hiki! Watu wanajifunza kuendesha gari kwa muda mfupi kuliko huu.

"Usimharakishe," Bibi alimwambia kutoka mlangoni. "Haraka haraka haina baraka. Ongea naye mambo ya kawaida tu."

Basi akaongea mambo ya kawaida. Alimweleza habari za mteja mwenye kichwa chenye uchungu, anayepiga kelele kabla hajaguswa. Alimweleza kwamba baba yake analala na kofia akiachiwa. Wala hakumwomba amchekee. Alimtazama tu na kuongea naye.

Jumapili, chai ilipokuwa inachemka, Kibonge aliamka. Mama alikuwa wa kwanza kufika. "Kibonge," aliita. Akainama, shibiri moja, mistari yake minne kichwani.

Mtoto aliitazama mistari ile. Akashuka taratibu, paji la uso, nyusi. Akafika machoni. Hapo akasimama. Mama Kibonge hakusogea wala kupepesa. Wakatazamana hivyo, watu wawili, hakuna anayeharakisha.

Kisha mdomo mdogo ukacheza upande mmoja. Ukacheza upande wa pili. Na mtoto akacheka, ufizi wote nje, akimtazama mama yake machoni.

Mama Kibonge alilia. Hakuona aibu. Alicheka na kulia pamoja, mpaka mtoto akamshangaa.

Bibi aliyaona yote hayo kutoka mlangoni. Alikwenda akachukua begi lake, moja, akalibeba. "Mwanangu," alimwambia mkwewe, "mtunze mjukuu wangu. Na wewe," alimgeukia mwanawe, "kofia hiyo ifuliwe sasa, mtoto ameshakujua."

Miezi ikapita. Bibi alirudi kutembea. Kibonge sasa alikaa mwenyewe, alitambaa, na alivuta kila kilichoning'inia. Biashara haikufa. Kichwa cha plastiki dirishani kilileta wateja vizuri tu, na hakikuomba hata chai. Wigi alizivaa tena siku moja moja, mtoto akimtazama anavyozivaa na kuzivua. Lakini swali moja lilimkaa Mama Kibonge. Je, Kibonge ananijua kwa uso huu, uso wenyewe, bila nywele zangu, bila sauti?

Siku moja ilifika mitindo mipya ya wigi ya rangi ya shaba, inayofunika mashavu. Wateja wawili waliivaa kujaribu. Mama Kibonge naye akaivaa, akaketi katikati yao mbele ya kioo, watatu, vichwa vitatu vya shaba.

Bibi akaingia kutoka juani, Kibonge mkononi. "Hodi! Mtoto ana njaa huku. Fundi yuko wapi?"

Mama Kibonge akafungua kinywa kujibu. Kisha akakifunga. Akawaminyia jicho wenzake. Wote watatu wakageuka mlangoni, kimya.

Bibi alikodoa. Alimtazama wa kwanza. Alimtazama wa tatu. "Samahanini, akina dada. Mwenye saluni ametoka?"

Mama Kibonge aliukaza uso. Hakutabasamu. Hakupumua.

Kibonge naye alitazama. Alianza na wa kwanza, akampita. Akaja kwa wa katikati. Hapo macho yake yakasimama, yakapanuka. Mtoto akapiga kelele ya furaha, akajirusha mbele na mikono yote miwili, karibu amponyoke Bibi.

"We mtoto, tulia! Unamwendea nani?" Bibi alisema. "Huyo ni mteja!"

Kibonge alikuwa ameshakamata wigi ya shaba kwa ngumi zake. Akaivuta. Ikatoka yote. Aliitupa chini bila kuitazama, akaushika uso wa mama yake kwa mikono miwili.